Anakimbia Palepale Alipo

Mjukuu wangu, juzi uliponiletea simu yako ukasema, "Babu, hebu mtazame bundi wangu, waionaje picha?" niliitazama muda mrefu, nikakurudishia, nikasema chai inapoa. Niliuona uso wako ulivyobadilika. Ulidhani sikuipenda, au labda macho haya ya uzee hayakuona kitu. Yaliona. Yaliona mengi ambayo sikutaka kuyasema mbele ya wenzako. Leo wenzako hawapo, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Kaa hapa.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Jicho umelipata barabara, na ndani yake kuna kile kitone cha mwanga kinachomfanya ndege aonekane hai. Umejiinamisha ukawa usawa wake. Hukumpiga kutoka chini ukatuonyesha tumbo. Chini ya vile vichaka mwanga ni haba hata saa sita mchana, nawe umepiga kwa kasi ndogo na picha haikutikisika. Mkono wako umetulia kuliko wangu nilipokuwa na umri wako. Hayo ni yako, hakuna atakayekunyang'anya.

Sasa tumzungumzie ndege mwenyewe.

Yule uliyempata ni kibundi wa Sokoke. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18, na uzito wake ni kama gramu 50, yai la kuku lina uzito kumshinda. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1966 tu, kwa kalamu ya Mmarekani S. Dillon Ripley, ingawa wazee wetu walikuwa wakimsikia akilia msituni tangu zamani. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hana makao mengine duniani ila msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, mpaka alipopatikana pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania, mwaka 1992. Wapo wa kijivu, wapo wa hudhurungi, wapo wekundu kama udongo wa njia ya kule kwenye miti ya muhugu. Msitu wetu una kilomita za mraba 420 hivi, na si sehemu zote anazozipenda. Huyo ndiye uliyesimama mbele yake. Nakwambia haya ili ujue ulikuwa mgeni katika nyumba ndogo sana.

Katika picha yako amesimama wima kama kisiki. Mwili amejibana ukawa mwembamba. Vile vishungi viwili vya kichwani vimesimama, na macho ameyafinya yakabaki nyufa. Wenzako wakacheka kwa furaha, mmoja akasema, "Tazama pozi lake!" Mwanangu, lile si pozi. Bundi mdogo akiona hatari na hataki kuruka, hujigeuza tawi. Hujinyoosha, hujikondesha, husimamisha vishungi vifanane na kijiti kilichovunjika, hufinya macho ili mng'ao wake usimsaliti. Yule hakuwa akipigwa picha. Alikuwa anakimbia palepale alipo.

Bundi aliyetulia utamjua kwa unene. Manyoya yake yamelegea, amekuwa kama donge la pamba. Vishungi vimelala. Pengine jicho moja limefumba na la pili linakutazama kwa uvivu, kisha nalo linafumba. Mara nyingi wale wa Sokoke hulala mume na mke, bega kwa bega kwenye tawi moja la kichaka, na ukiwakuta hivyo, wamelegea, wameegemeana, utaelewa kwa nini mtu aweza kukaa saa nzima bila kugusa kamera.

Jambo la pili niliona pembeni, upande wa kushoto, mahali ambapo wewe hukupatazama kwa sababu ulikuwa unalitazama jicho. Kuna vijiti vitatu vyenye ncha nyeupe. Ncha nyeupe ni mti uliovunjwa siku hiyohiyo. Sijui kama ni wewe au ni mwenzako aliyekwenda nawe, wala sitakuuliza. Lakini vijiti vile vilikuwa pazia lake. Ndege huyu hachagui kichaka kwa bahati. Hukichagua kwa sababu mlamba akipita hamwoni, na kipanga akipita hamwoni. Ukivunja vijiti upate njia ya lenzi, umewafungulia njia hiyohiyo wote wanaomtafuta. Umewahi kuona bundi aliyefumaniwa mchana na ndege wadogo? Mlamba huanza, shore hufuata, chozi naye na umbo lake la kidole huja kutukana. Kelele zinasikika mpaka barabarani. Yule bundi hana pa kwenda mpaka magharibi. Kila bawa analopiga mchana ni nguvu aliyoiweka akiba ya kuwindia usiku.

Usidhani nasema kwa sababu mimi ni msafi. Nitakupa yangu, kwa sababu hujapata kuisikia, na hata bibi yako niliificha miaka mingi.

Wakati huo nilikuwa na studio mjini, kazi yangu picha za vitambulisho na za maharusi. Filamu ilikuwa na picha 36, na ukimaliza wapeleka kusafishwa, wangoja. Nje ya mji palikuwa na nyumba kuukuu iliyoachwa, paa limeanguka upande mmoja, na ndani ya ukuta palikuwa na bundi wa zizini, yule mweupe mwenye uso kama moyo. Alikuwa amelalia mayai. Nilikwenda na ngazi. Nikaegemeza, nikapanda, nikampiga flashi usoni mara nane au tisa. Aliruka, akarudi, nikampiga tena. Kesho yake nikarudi, nikapiga tena.

Picha moja ilitoka ya ajabu. Mabawa yamefunguka yote, manyoya ya kifua unayahesabu, na nyuma giza tupu. Niliichapisha kubwa nikaitundika studioni. Kila aliyeingia aliisifu. Mgeni mmoja alilipa fedha nyingi kuichukua, na mimi nikatembea mjini kichwa juu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kutafuta viota vingine.

Halafu akaja mtu mmoja kupiga picha ya kitambulisho, mzee wa makamo, kazi yake kuzunguka msituni. Aliitazama ile picha ya ukutani, hakusifu, hakulaumu. Akauliza neno moja tu: "Aliangua?"

Sikuwa na jibu. Siku ile nilifunga studio mapema nikaenda na ngazi yangu. Mayai manne, meupe, baridi kama vijiwe vya pwani asubuhi. Bundi hakuwepo, na sikumwona tena pale.

Katika maisha yangu nimeonyesha picha kwa watu wengi, wenye shahada na wasio nazo, na sijapata kukosolewa vizuri kuliko siku ile. Neno moja lile lilinifundisha kazi. Tangu hapo kila picha ya ndege ninayoonyeshwa huiuliza vivyo hivyo: kabla ya hapa palikuwa na nini, na baada ya hapa ikawaje? Picha yako nayo niliiuliza, na vile vijiti vyeupe vikanijibu kabla yako.

Kwa hiyo nikuambie la kwanza, ambalo hakuna atakayekufundisha kwa kukuhesabia madole gumba yaliyobonyezwa mtandaoni. Anayeikosoa picha yako kwanza kabisa ni bundi mwenyewe, na huikosoa kabla hujaipiga. Umefika hatua kumi, amefungua macho: amekwambia amekujua. Umepiga hatua mbili zaidi, amejinyoosha: amekwambia hapo basi. Kichwa kikianza kupanda na kushuka, na kwenda huku na huku, anapima umbali wako, maana macho yake hayazunguki ndani ya kichwa kama yako na yangu. Ni marefu kama bomba na yamekazwa mahali pamoja, ndiyo maana shingo yake imepewa uwezo wa kugeuka robo tatu ya duara. Akiinama mbele na kukaza miguu, ameshaamua kuruka. Ukimlazimisha afike hapo, umeshindwa, hata kama picha itatoka.

Na usiseme lenzi ndogo ndiyo iliyokusogeza. Lenzi ya milimita 400 yatosha, na ikiwa haitoshi, mwache awe mdogo ndani ya picha. Wenzako hukata picha mpaka abaki uso peke yake, kila bundi wao ni uso. Mimi nataka nione kile kichaka. Nataka nione jinsi manyoya ya kifuani yalivyochorwa kwa rangi ya gome la mti aliouegemea, maana hiyo ndiyo hadithi yake. Bundi wa Sokoke aliyetolewa kichakani mwake ni sura ya ndege wa mapambo.

Mbinu nyingine utazipata haraka, nitazipitia tu. Weka kamera kwenye stendi, au juu ya mkoba wenye mchanga kama huna stendi. Ukimpata bundi mweupe wa zizini mbele ya giza, kamera itadanganyika na giza lile, itaongeza mwanga, na kifua chake kitaungua kiwe karatasi tupu. Punguza wewe mwenyewe, kituo kimoja hivi, mpaka uone manyoya. Kwenye ISO kubwa chembechembe zitajitokeza, na zisikutie hofu, usiku una haki yake. Shata ya kimya, kama kamera yako inayo, iwashe. Flashi mimi nimeiacha. Macho yale yameumbwa kukusanya mwanga mdogo kabisa, nami siwezi kumpiga mtu radi usoni kisha nikamtakia uwindaji mwema.

Sauti pia. Najua siku hizi mwapiga rekodi za mlio kwenye simu ili aje. Vijana wanaoongoza wageni msituni hupiga mluzi mara mbili, tatu, wakijibiwa hunyamaza. Wewe na rekodi yako wapiga dakika kumi mfululizo. Kwake yeye ile ni sauti ya dume mwingine aliyevamia nyumba yake. Ataacha chakula, ataacha mke, atazunguka kutafuta adui asiyekuwepo. Na chambo ndiyo usiniletee kabisa. Kule Kanada na kaskazini mwa Marekani, wakati wa baridi, bundi wa theluji hushuka kutoka Aktiki, na wapo wapigapicha wanaowarushia panya walionunuliwa dukani ili wapate picha ya ndege anayewajia makucha mbele. Ndege hujifunza kuwafuata watu, na watu wapo barabarani, na barabarani pana magari.

Nilisoma habari za mpigapicha mmoja Mwingereza aliyeitwa Eric Hosking. Mwaka 1937, huko Wales, alikuwa anarudi gizani kwenye kibanda alichokijenga jirani na kiota cha bundi wa kahawia. Hakusikia kitu. Bawa la bundi lina meno madogo kwenye ukingo wake wa mbele kama meno ya kitana, hewa hupita bila kelele, basi hata mtu mwenye masikio mazuri hasikii. Makucha yalimpata jicho la kushoto, na jicho likapotea. Aliendelea na kazi kwa jicho moja kwa miongo kadhaa, akawa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa ndege duniani, na mwaka 1970 alipotoa kitabu cha maisha yake akakiita An Eye for a Bird. Kila niisomapo habari hiyo, jicho lake linanihuzunisha, lakini naona pia mama aliyekuwa na makinda, aliyemwona mtu akija kwake usiku. Yule wangu wa mayai manne hakunirukia. Alisalimu amri akaondoka.

Sasa watu. Maana umeniuliza mimi, na utawauliza wengine, na kuuliza kwenyewe kuna adabu yake.

Usimwulize mtu, "Ni nzuri?" Ukiuliza hivyo umemwekea jibu mdomoni, na mtu mwenye heshima atalimeza. Mwulize, "Jicho lako limekwenda wapi kwanza?" Akisema limekwenda kwenye lile jani linalong'aa kule juu, umeshajua jani limeiba picha, na hajakuumiza. Halafu nyamaza. Hili ndilo gumu kwako, nakujua, wewe ni mtoto wa baba yako. Mtu akisema, "Sielewi huyu ndege yuko wapi," wewe huanza: kulikuwa na giza, kulikuwa na mbu, mwongozaji alinisukuma. Picha haiendi na wewe kila nyumba kujieleza. Mwache aseme mpaka amalize, uandike, ulale nayo siku mbili. Siku ya tatu utaona la kweli limebaki na la chuki limekauka lenyewe.

Chapisha. Kwenye simu kila picha inang'aa. Karatasi haina huruma. Ukungu ulioko kwenye mdomo wa ndege utauona, na vijiti vyeupe utaviona.

Na usiwaulize wapigapicha peke yao. Wao watakuambia habari za mwanga na mandhari ya nyuma, na watakuwa na haki. Muulize pia anayemjua ndege, kwa mfano wale vijana wa msituni. Wao hawajali ISO yako, watakuambia kama alikuwa ametulia. Na muulize anayemwogopa.

Hapo nataka nikae kidogo. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro. Akilia juu ya paa, watu hukumbuka mgonjwa aliye ndani. Babewatoto, bundi mwingine, jina lake tu hutishia wana. Nilikulia katika nyumba ambamo bundi hufukuzwa kwa kijinga cha moto na maneno makali, na sitawacheka waliofanya hivyo, walikuwa wanawalinda watoto wao. Baada ya ile habari ya mayai nilikaa miaka bila kumpiga bundi picha, na niliporudi, nilikaa mbali, nikangoja mpaka nikampata wa zizini akitua dirishani mwa ghala alfajiri na panya mdomoni, na nyuma yake nyuso tatu za makinda. Si picha kali. Mwenzangu mmoja wa kazi aliniambia bawa limekatwa na ukingo, na kweli limekatwa. Lakini nilimwonyesha jirani yetu, yule mama aliyekuwa akiwatuma watoto na manati. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole kama inauma. Akasema, "Ananitazama." Nikanyamaza, kama ninavyokuagiza wewe unyamaze. Akatazama tena. "Na huyo ni panya?" Ndiyo. "Wa ghalani mwetu?" Ndiyo, dada, na atarudi kuchukua mwingine kabla jua halijatoka, na kesho pia. Hakusema kwamba amebadili imani, wala sikumwomba. Lakini manati sikuyaona tena upande ule, na lile bawa lililokatwa halijanisumbua tangu siku hiyo.

Ndiyo maana nasema watu hawa uwaonyeshe. Bundi wengi wanakufa kwa mawe, na kwa panya waliokula sumu ya dukani wakamezwa na ndege. Picha yako ikifika kwa mtu mwenye jiwe mkononi, akalishusha, hiyo imefanya kazi ambayo tuzo haiwezi.

Jambo moja la hatari, kisha nikuache. Simu na kamera nyingi siku hizi huandika mahali ndani ya picha. Kifute kielekezo hicho kabla hujamtumia mtu yeyote. Ukiulizwa ulimpata wapi, sema msituni. Kichaka kimoja kikijulikana, Jumapili itakuwa na watu thelathini, na mmoja wao hatakwenda na kamera.

Picha ile ya juzi usiifute. Najua utataka kuifuta leo usiku. Ichapishe, andika nyuma yake tarehe, saa, na jinsi alivyosimama, na vile vijiti uviandike, hata kama si wewe uliyevivunja. Kisha niletee. Juu ya kabati langu kuna boksi la biskuti. Ndani yake mna ile yangu ya mabawa, nakala ya mwisho, nayo nyuma nimeandika "manne, baridi". Ziweke pamoja.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nitakungoja barazani. Nimeshazungumza na mwongozaji. Kamera yako ibebe, betri zijaze, lakini utatembea na darubini yangu, na mkoba utabaki umefungwa mpaka nimwone yule ndege amenenepa.